Mwalimu Aliyeikunja Fomu ya Benedikta

Waliokuwepo darasani siku ile ni hawa. Benedikta, kitindamimba wangu, dawati la mbele kabisa kwa sababu macho yake hayaoni mbali. Pembeni yake Salama, mtoto wa muuza chumvi wa sokoni, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Nyuma yao Kondradi wa Mkotokuyana, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa watu tu na baadaye akawa mkwe wangu. Dirishani mapacha wa jirani yangu Asumini, Hasani na Huseni. Wengine thelathini na kitu nawajua pia, mmoja mmoja na mama zao, lakini hao watano wanatosha. Na mbele ya ubao, mwalimu wa Kiingereza.

Waliokuwepo uwani kwangu mchana wa siku hiyohiyo ni watatu: mimi, Benedikta na Asumini. Asumini amekwisha kufa. Tumebaki wawili.

Jina la mwalimu nalijua, majina yake yote matatu, maana nilikuwa nafua na kupiga pasi nguo zake na yeye alikuwa ameandika majina yake kwa wino ndani ya kola, kama vile kuna mtu Nachingwea nzima angetaka kuiba shati lile. Silitaji. Alikuja kutoka bara, mbali, mtumishi wa serikali kama watumishi wengine waliokuwa wakiletwa kwetu na kuhesabu miezi ya kuondoka. Kwao ni wapi na mama yake nani, hayo hayanihusu. Mimi nasema niliyoyaona kwa macho yangu tangu miaka ya tisini, alipofika akiwa bado hana mvi, na nasema nikiwa na hasira, nisiwafiche.

Nianze na nguo. Alikuwa na mashati manne na suruali tatu, lakini kwa namna alivyozishughulikia ungedhani ni za waziri. Mimi kila mteja nilimwekea alama ya uzi kwenye pindo ili nguo zisichanganyike: bwana kilimo uzi mwekundu, mhasibu wa halmashauri uzi wa njano, yeye uzi wa kijani. Siku ya kwanza aliuona uzi wake akaja nao mbio.

"Mama, hiki nini?"

"Ndiyo wewe hicho, mwalimu."

"Mimi nimeandika jina."

"Jina mimi nalisoma polepole. Uzi naujua nikiwa gizani."

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha puani. Tangu siku hiyo akaniita Mama Pasi, na mji mzima ukamfuata. Mtu akitaka kulaumu kwamba mimi nilimpa mwalimu majina, akumbuke yeye ndiye aliyeanza.

Hakutaka kunyanzi hata moja. Kunyanzi la kwapani, ambalo hakuna binadamu anaweza kulizuia mtu akishavaa, alikuja nalo analionyesha. "Mama Pasi, hapa pamekataa." Nikamwambia asiinue mkono. Akasema ataandikaje ubaoni. Nikamwambia aandike chini chini. Na kweli, wanafunzi walikuwa wakisimulia kwamba siku ya shati jipya maandishi yote yanakuwa nusu ya chini ya ubao.

Lakini mtu huyohuyo viatu vyake vilikuwa vimefunikwa vumbi jekundu tangu Jumatatu hadi Jumatatu. Nyumbani kwake vitabu vilikuwa sakafuni, sahani juu ya vitabu. Aliikunja ramani ya shule akaitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Kwa hiyo usafi haukuwa usafi. Ilikuwa ni shati tu.

Chakula. Miaka miwili ya mwanzo alikataa ming'oko, viazi vyetu vya porini. Tulipomchimbulia porini Naipingo, tukamchemshia, tukampelekea kwenye sufuria na kitambaa juu, akasema kwao vitu vinavyochimbwa porini ni vya nguruwe. Alisema mbele ya wanawake wanne: mimi, Asumini, Teodora mke wa katekista, na mama yake Salama. Sikumfulia wiki mbili. Akaja mwenyewe uwani na furushi lake kichwani, mwalimu mzima, akakaa kwenye kinu kilicholala, akasema, "Nipe hayo ya nguruwe nile." Akala sufuria nzima. Baada ya hapo msimu ukifika ilikuwa ni yeye wa kwanza kuuliza. Lakini kuomba radhi hakuomba. Alikula tu.

Sasa maneno. Mwalimu huyu alikuwa mgonjwa wa maneno. Wenzake jioni walikwenda kunywa uraka, pombe ya mabibo, yeye alikaa barazani na kamusi nene iliyopasuka mgongo, ameishona kwa uzi niliompa mimi. Hakutosheka kujua neno lina maana gani. Alitaka kujua lilizaliwa wapi, limepita wapi, nani kalibadilisha. Na kwa kuwa hakuwa na wa kumwambia, aliniambia mimi, mwanamke wa darasa la nne, nikiwa napuliza mkaa.

Alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko yote. Mimi nilisikia krampo, na ndivyo ninavyoliandika. Alinieleza mara nyingi hata nikalijua kuliko watoto waliolipa ada. Ni kitendo. Ni kile ninachopiga vita kwa pasi: nguo au karatasi ikifinywa ovyo ikajaa makunyanzi, imefanyiwa krampo. Uso wa mtoto anayetaka kulia lakini hajalia, nao ni hilohilo. Na mtu aliyesimama, miguu ikamwisha nguvu, akashuka chini palepale kama kanga iliyoteleza kwenye kamba, naye amefanya hilohilo.

"Ni maneno matatu hayo," nikamwambia. "Waingereza hawana maneno ya kutosha?"

"Wanayo mengi. Ila hili wameliona ni jambo moja."

"Mtu si karatasi, mwalimu."

"Sikiliza, Mama Pasi." Akasogeza kinu. "Zamani, zamani sana, walikuwa na neno fupi la kitu kilichopinda. Mgongo wa mzee. Pembe ya ng'ombe. Wajerumani nao wana la kwao la ukoo huohuo, mpaka leo, muulize Padri. Halafu Waingereza wakalitia mkia mdogo mwishoni. Ule mkia unaonyesha jambo linafanyika kidogo kidogo, tena na tena. Pinda hapa, pinda pale, pinda tena."

Nikasema, "Kama sisi. Kunja, halafu kunjakunja."

Yule mtu aliruka kwenye kinu. Nasema aliruka, mapaja yake yakapiga meza yangu, pasi ikatikisika. Akatoa daftari mfukoni akaandika, kunja, kunjakunja, akaniuliza na Kimwera mnasemaje, na Kimakonde cha mama Salama wanasemaje, na nguo iliyolaliwa, na ngozi ya mzee, na ukuta wa udongo ulioshuka na mvua, na bati lililogongwa. Kila mmoja wetu alimpa la kwao. Mimi nilimpa yote isipokuwa moja. Kuna neno letu la kitu kilichokunjamana kikanyooshwa lakini kikabaki na kumbukumbu ya makunyanzi, kama nguo ya mtumba iliyokaa ndani ya robota miezi. Hilo nililizuia. Nilitaka abaki na la kuniuliza. Sijui kwa nini. Labda nilipenda anavyouliza.

Siku moja alikuja na habari kwamba huko Ulaya magari siku hizi yanatengenezwa pua zake zikunjike kwa makusudi yakigonga, ili aliye ndani asiumie, na jina la sehemu hiyo limetoka kwenye neno lake lilelile. Alifurahi kama yeye ndiye aliyelitengeneza gari. Wakati huo lori la korosho lilikuwa limegonga mti njia ya Ruangwa, na tulikuwa bado tuna msiba. Nikamwambia, "Letu limekunjika vizuri sana, na waliokuwa ndani tumewazika." Akafunga daftari akaenda. Jioni akaja msibani amebeba kuni, akazishusha jikoni kwa wanawake. Alikuwa hivyo. Ulimi wake ulitangulia, miguu ikafuata nyuma kusawazisha.

Darasani alikuwa hodari, sibishi. Alifundisha kwa vitendo. Neno la kuruka, aliruka. Neno la kunong'ona, aliwanong'oneza mpaka wa nyuma wakasimama. Watoto walimpenda na walimwogopa, maana hukujua leo atachukua nini cha kuonyeshea: kofia yako, kiatu chako, andazi lako. Andazi la Huseni liliisha kwa neno la kuumega mkate. Alichukua bila kutazama. Hilo ndilo kosa lake, na ndilo ninalolitaka lisomwe vizuri: alichukua bila kutazama.

Benedikta alikuwa kidato cha nne. Chuo cha wauguzi cha misheni kilikuwa kinapokea wasichana wachache, na fomu ilikuwa moja kwa kila mtoto, haina ya pili. Daktari aandike kwamba ana afya, atie muhuri. Padri aandike kwamba ana tabia, atie muhuri. Mkuu wa shule aandike kwamba ana akili, atie muhuri. Mimi nilimfulia mwanangu sare kwa ajili ya kila mmoja wa hao watatu. Daktari alisaini siku moja kabla ya kwenda likizo ya mwezi mzima kwao. Padri alisaini. Asubuhi hiyo mkuu wa shule akagonga muhuri wa mwisho, wino wa zambarau, mbichi kabisa, na Benedikta akaiweka fomu wazi juu ya dawati ikauke. Kesho yake gari la masista lingepita kuchukua fomu zote.

Akaingia mwalimu. Akaandika ubaoni, nusu ya chini maana shati lilikuwa limetoka kwangu jana yake, lile neno lake. Akageuka. Mkono wake ukaenda dawati la mbele ukachukua karatasi ya karibu. Akaiinua juu wote waione. Akaifinya kwa ngumi moja, halafu mbili, akaisokota mpaka ikawa kama limau. Darasa likacheka. Salama ndiye aliyenisimulia hata namna walivyocheka.

Akasema, "Karatasi imefanya nini?" Akamnyooshea Benedikta kidole ajibu.

Mwanangu alisimama kujibu, maana ndivyo alivyofunzwa, mwalimu akikuuliza unasimama. Magoti yakamkataa. Akashuka chini kati ya madawati.

Na mwalimu akapiga makofi. Akasema kwa sauti, "Safi kabisa. Na hiyo ndiyo maana ya pili." Alidhani mtoto anaigiza. Darasa zima likapiga makofi. Kondradi tu hakupiga, ndivyo anavyosema yeye, lakini Kondradi ni mkwe wangu, lazima aseme hivyo.

Salama ndiye aliyelia, "Mwalimu, ni fomu yake ya uuguzi." Hapo ndipo alipolifungua lile limau akaona mihuri mitatu. Salama anasema aliinyoosha juu ya paja lake, mara tatu, mara nne, kwa kiganja. Halafu akasema maneno ambayo nimeyashika miaka yote kama mtu anavyoshika risiti: "Mpelekee mama yako. Ana pasi."

Mnaona. Ni yeye aliyesema ipigwe pasi.

Benedikta alifika nyumbani mchana, miguu myekundu kwa vumbi, karatasi ameibana kifuani. Asumini alikuwa amekuja kuomba moto. Nilipoelezwa, damu ilinipanda mpaka masikioni. Niliitandika ile fomu mezani. Ilikuwa na makunyanzi kama mkono wangu huu wa leo, lakini maandishi yote yalisomeka. Mihuri yote ilisomeka. Haikuchanika popote. Nimelisema hilo, na nitalirudia.

Sasa, kunyanzi sugu kwenye nguo unalitoa kwa maji. Unanyunyiza, unasubiri kidogo, unapita na pasi, linakubali. Miaka ishirini nilikuwa nafanya hivyo. Mikono haikuniuliza kama hii ni nguo. Nilichota maji kwa vidole nikanyunyiza, na muhuri wa mkuu wa shule, ambao ulikuwa haujakauka vizuri, ukaanza kutawanyika ukawa wingu la zambarau. Benedikta akasema, "Mama, wino." Nikasema, "Nyamaza, najua kazi yangu." Nikachukua pasi ya mkaa, ile ya jogoo, ili niikaushe haraka.

Na nilikuwa naongea. Nilikuwa namwambia Asumini huyu mtu wa bara amekuja kwetu anakula ming'oko yetu, anakusanya maneno yetu kwenye daftari kama anayeokota kuni, kisha anamfinya mwanangu kama takataka mbele ya watu. Nilimgeukia Asumini nimwonyeshe alivyofinya. Nilimwonyesha kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umesimama juu ya pasi, na pasi ilikuwa imesimama juu ya fomu.

Benedikta ndiye aliyenusa.

Alama ilikuwa ya ncha ya pasi, rangi ya chai, kisha kahawia, kisha tundu dogo, palepale kwenye saini ya daktari. Asumini akasema, "Mwenzangu, hili lisitoke hapa." Nikakubali. Benedikta hakusema kitu, na mimi nilikuchukua kunyamaza kwake kuwa ni kukubali.

Kesho yake nilimpeleka mwenyewe kwenye gari la masista. Sista Mkuu aliishika fomu kwa vidole viwili. Alisema, na nakumbuka kila neno, "Makunyanzi si kitu, mama. Karatasi zote zinazokuja na basi zina makunyanzi. Lakini muhuri huu hausomeki, na daktari hapa ameungua." Daktari alikuwa likizo. Nafasi ikaenda kwa mtoto mwingine, Ponsiana wa Naipingo, na simchukii Ponsiana.

Nilirudi mjini nikasema mwalimu wa Kiingereza ameharibu fomu ya mwanangu. Ilikuwa kweli, si ndiyo? Aliifinya. Watu thelathini na kitu walimwona. Sikusema uongo hata neno moja. Nilisema kisimani, nilisema sokoni, nilisema kanisani kwenye ngazi. Mama Salama akaacha kumuuzia chumvi. Watoto wakaanza kumwita Mwalimu Krampo, na anapopita wanajiangusha chini barabarani kwa makundi, kwa vicheko. Mimi niliwaona. Sikuwakataza. Nikasema dada zangu, mwacheni apige pasi mwenyewe, na nikamrudishia nguo zake chafu, uzi wa kijani nimeukata.

Nilimwona mara kadhaa akipita na shati lenye makunyanzi mgongo mzima. Nilifurahi. Baada ya mwaka akahamishwa kwenda Ruangwa.

Mwanangu alimaliza shule, akaolewa na Kondradi, wakahamia Likunja, ambako Kondradi alipata shamba la mikorosho na ufuta. Kijiji kikamchagua Benedikta awe mhudumu wa afya, wa kujitolea, wa begi la bluu na mwavuli. Anapima watoto kwenye mizani, anawatembelea wanaoumwa. Siku ya kwanza kumwona na lile begi nililia nyuma ya nyumba, na nikamlaani mwalimu upya, kwa jina lake lote.

Basi, miaka ilikuwa imepita, tumeshaingia elfu mbili na kitu, nikapanda basi kwenda Likunja na kikapu cha ming'oko. Nilimkuta Benedikta anachemsha maji. Akasema, "Mama, usikae. Shika beseni, tuna mgonjwa hapo nyuma."

Nyumba ya pili kutoka kwake. Mlango mfupi. Juu ya kitanda cha kamba alikuwepo yeye, mwalimu. Alistaafu Ruangwa, akanunua kishamba hapo Likunja, hakurudi kwao. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kushoto. Nusu ya uso ilikuwa ya yule ninayemjua, na nusu ilikuwa imeshuka. Na shati. Shati lilikuwa limefinyangwa kama limetoka mdomoni mwa mbuzi.

Nilimwambia mwanangu kwa Kimwera, "Huyu ndiye unayemwogesha?"

Akajibu kwa Kiswahili, ili na yeye asikie, "Kila asubuhi, mama. Mwezi wa nne sasa. Mwinue kichwa."

"Simgusi."

"Basi shika beseni."

Nikashika beseni. Nilikuwa na maneno ya miaka yote hiyo, yamepangwa, nilikuwa nayajua kwa mpangilio. Nikaanza. Nikasema, "Mwalimu, unamjua anayekuosha? Huyu alikuwa awe muuguzi, wa mshahara, wa kofia nyeupe. Wewe ulimfinya ukamtupa."

Alizungusha jicho zima. Akasema, maneno yanatoka upande mmoja, "Mama Pasi."

"Usiniite hivyo."

"Nilikwenda chuoni," akasema. "Kwa baiskeli. Wiki ileile." Akapumzika. Benedikta akampangusa mate, hakunitazama. "Nikamwomba Sista anionyeshe. Nikajua ni makunyanzi tu, nitamsihi. Akanionyesha." Akainua kidole cha mkono mzima, akachora hewani, taratibu, ncha ya pasi. Upande mmoja, upande wa pili, vikakutana juu.

Mimi nilibaki na beseni langu.

"Nikamwambia nimeunguza mimi," akasema. "Akakasirika zaidi. Hakumchukua mtoto." 

Nikamuuliza, "Nani alikutuma?"

"Dobi anayeunguza haletewi nguo. Mngekula nini?"

Nimesimuliwa habari nyingi za watu wanaosamehewa wakalia wakajisikia wepesi. Mimi sikujisikia wepesi. Nilikasirika kuliko siku ya kwanza. Miaka yote ile nilimwacha abebe kosa langu nikidhani hajui amebeba nini, na kumbe alijua uzito wake wote, akapita mbele ya uwa wangu na shati lake la makunyanzi, watoto wanajiangusha barabarani, na hakufungua mdomo. Yeye, mtu wa maneno. Alininyima hata nafasi ya kukana.

Nikamgeukia Benedikta. "Na wewe ulijua?"

"Aliniambia mwaka jana, mama. Kabla hajaugua."

"Ukanyamaza."

"Wewe ulininyamazisha kwanza," akasema, akakamua kitambaa.

Nilitua beseni chini. Nilitoka nje nikasimama juani kwa muda. Halafu nikarudi, si kwa upendo, msidhani, bali kwa sababu lile shati lilikuwa linanikera. Nikasema avuliwe. Likunja kwa Benedikta hakuna pasi. Wanakunja nguo wanalaza chini ya godoro. Nililikunja lile shati kwenye mshono, nikalinyunyizia maji, nikaliweka juu ya kiti, na nikalikalia. Nililikalia mpaka maji ya chai yakachemka na ming'oko ikaiva. Yeye alikuwa ananitazama kwa jicho lile moja na upande mmoja wa mdomo unapanda.

Tulipomvisha, makunyanzi yalikuwa yamelala lakini yanaonekana. Akayashika kwa vidole kifuani, akaniuliza polepole, "Hii, kwa Kimwera, mnaitaje?"

Lilikuwa ni lenyewe. Ni lile neno nililolizuia tangu zamani, la kitu kilichonyooshwa kikabaki na kumbukumbu. Alikuwa bado analitafuta. Nikainama sikioni kwa upande unaosikia, nikamwambia. Alilirudia mara mbili, vibaya, nikamsahihisha. Daftari halikuwepo. Alikufa kabla ya mvua za kwanza, na sijui kama alipata mtu wa kumwandikia.

Sikumwomba radhi. Naye hakuwahi kuomba za ming'oko.

Nachingwea mpaka leo wanasema mwalimu wa Kiingereza ndiye aliyeharibu fomu. Ndiyo maana nimewataja waliokuwepo. Salama, uko Masasi, una wajukuu. Kondradi, uko hapo Likunja. Hasani na Huseni, mama yenu hawezi tena kusema, lakini ninyi mlikaa dirishani, mlikuwa na mwanga. Mimi nimesema fomu ilitoka mkononi mwake ina makunyanzi tu, haina tundu, haina mahali palipochanika, na mihuri yote inasomeka. Ndivyo ninavyokumbuka. Lakini mimi ni mzee na siku ile nilikuwa na hasira. Kama kuna mmoja wenu aliyemwona mwalimu akiinyoosha juu ya paja, akaona imechanika, hata kidogo, hata pembeni, aje anisahihishe. Nipo nyumbani kila siku. Asiogope kunipinga.